Bourgogne, Ardhi Inayoitwa kwa Majina

Ukitoka Dijon, Ufaransa, kwa barabara ya kusini, mji haujakwisha sawasawa unaanza kuona mizabibu upande wa kulia. Mwanzo inachungulia nyuma ya karakana na maghala, kisha inaujaza mteremko mzima, na haikuachi tena hadi Santenay, karibu kilomita 50 mbele. Mteremko wenyewe si mlima. Ni ukingo wa uwanda wa juu unaoelekea mashariki na kulipokea jua la asubuhi, na ukanda wa mizabibu ni mwembamba kiasi kwamba mahali pengi unaweza kuuvuka kwa miguu, kutoka barabarani hadi msituni, kabla hujaanza kuhema. Huu ndio moyo wa Bourgogne, na humu hutoka baadhi ya mvinyo ghali kabisa duniani.

Mimi sinywi pombe. Nalisema mapema kwa ajili ya wasomaji walio kama mimi, ambao wakisikia habari za nchi ya mvinyo hudhani hawana la kufuata huko. Lipo, tena kubwa. Nilichokifuata Bourgogne ni ardhi yenyewe na watu walioichunguza kipande kwa kipande kwa karibu miaka elfu moja, wakakipa kila kipande jina, wakaandika, wakajenga ukuta, wakawarithisha watoto. Nimetembea nchi nyingi za wakulima. Sijaona kwingine ambako mtu anaijua ardhi yake kwa undani huu na kuitaja kwa heshima hii.

Mwaka 2015 UNESCO iliuingiza mteremko huu katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Vilivyoorodheshwa ni vitalu 1,247, na wenyeji huviita climats: kila kimoja kina mipaka yake, jina lake na sifa yake. Majina mengine yanakumbuka machimbo ya mawe yaliyofukiwa zamani, mengine miti iliyokatwa, mengine wamiliki waliokufa kabla hapajawa na Ufaransa tunayoijua. Utayaona yamechongwa kwenye nguzo za malango na kwenye kuta fupi za mawe kando ya njia. Vijiji navyo vilijivika majina ya mashamba yao mashuhuri. Gevrey kilitangulia mwaka 1847, kikajiita Gevrey-Chambertin, na majirani wakafuata: Chambolle-Musigny, Puligny-Montrachet, Aloxe-Corton. Mahali pengine shamba huitwa kwa jina la kijiji. Hapa kijiji kiliona fahari kuitwa kwa jina la shamba.

Mgeni huuliza upesi: kitalu hiki na kile vinapakana, aina ya mzabibu ni ileile, jua ni lilelile, kwa nini mvinyo wa huku uuzwe mara kumi ya ule wa kule? Jibu liko chini ya miguu. Mwamba wa hapa ni mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na ukiinama shambani baada ya mvua waweza kuokota kipande chenye alama za makombe. Mwamba huo umepasuka na kuteleza, kiasi kwamba hatua mia zinatosha kukutoa kwenye udongo wa aina moja hadi mwingine. Juu kabisa, chini ya msitu, udongo ni haba na baridi ni kali. Chini karibu na barabara udongo ni mzito na maji hutuama. Katikati ya mteremko maji hupita, joto hutosha, na mizizi hulazimika kushuka kwenye nyufa za mwamba kujitafutia. Ukanda huo wa katikati ndimo vilimo vitalu vingi vya daraja la juu, grand cru, ambavyo kwa Bourgogne nzima majina yake ni 33 tu. Chini yake ni premier cru, kisha mvinyo wa kijiji, kisha mvinyo wa mkoa kwa jumla. Panda mteremko mmoja kwa miguu nawe utakuwa umepita madaraja yote hayo kwa nusu saa.

Waliolichunguza jambo hili kwa bidii ya kwanza ni watawa. Mwaka 1098 watawa wachache walihamia kwenye kinamasi cha Cîteaux, uwandani mashariki mwa mteremko, wakaanzisha abasia iliyozaa shirika lililoenea Ulaya nzima. Kanuni yao iliwataka waishi kwa kazi ya mikono. Walipewa ardhi mteremkoni, wakaipanda mizabibu, wakaizungushia ukuta. Shamba hilo ni Clos de Vougeot, hekta 50 hivi, na ukuta wake bado umesimama. Kuna simulizi kwamba watawa walikuwa wakiuonja udongo ili kujua tofauti zake. Mimi sioni haja ya kulitetea simulizi hilo. Watu wanaolima mahali pamoja kizazi baada ya kizazi, wanaoandika walichokiona na kumwachia daftari anayefuata, hawahitaji muujiza ili waijue ardhi.

Ingia ndani ya jengo la Vougeot uone mashinikizo manne ya kukamulia zabibu waliyoyaacha watawa. Ni magogo ya mwaloni makubwa kuliko nilivyowahi kuona mbao zikichongwa, yamelazwa juu ya vitako vya mbao vyenye ukubwa wa chumba. Weka kiganja juu ya boriti: mti umekuwa mweusi na laini, na alama za shoka bado zinasomeka kwa vidole. Watu kadhaa walilisukuma gurudumu, skrubu ya mbao ikashuka, na juisi ikatiririka kwenye mfereji hadi kwenye vyombo vya chini. Nilikaa mbele ya mashinikizo hayo muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya michoro mingi ya makumbusho.

Mapinduzi ya Ufaransa yalitaifisha mali ya kanisa na kuiuza. Kisha sheria ya urithi ya mwaka 1804 ikataka watoto wote wagawiwe sawa. Vitu hivyo viwili vimeichora Bourgogne ya leo: Clos de Vougeot iliyokuwa na mwenyewe mmoja sasa ina wamiliki takriban 80, wengine wana mistari michache tu. Mkulima wa kawaida hana shamba moja kubwa kama wenzake wa Bordeaux. Ana mistari mitano hapa, kumi kule, mingine kijiji cha pili, na anatumia maisha yake akizunguka kati ya vipande hivyo. Wapo wanaouona mgawanyo huu kuwa udhaifu. Mimi naona ndio uliolinda ujuzi, kwa sababu umemlazimu kila mkulima kukijua kila kipande kwa upekee wake.

Watawala nao walijiingiza. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, alitoa amri mizabibu ya aina ya gamay ing'olewe, kwa kuwa ilizaa sana na mvinyo wake aliuona duni. Aliutaka pinot noir, ule wenye kuzaa kidogo na kudeka. Historia ya mvinyo humsifu kwa amri hiyo. Hata hivyo miaka ile nchi ilikuwa ikitoka kwenye tauni, watu wa kufanya kazi wachache, na kwa mkulima maskini mzabibu unaozaa sana ulikuwa riziki. Ukisimama mbele ya mashamba haya mazuri, mfikirie naye.

Namna bora ya kuiona nchi hii ni kwa miguu au kwa baiskeli. Kutoka Beaune kuna njia ya baiskeli iitwayo Voie des Vignes, kilomita zipatazo 20, inapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny na Chassagne hadi Santenay, karibu yote ikiwa katikati ya mizabibu. Mashamba mengi hayana uzio. Unapita ubavuni mwa mzabibu ambao chupa yake moja ingeweza kumlipia mtu ada ya chuo, na hakuna anayekufukuza, mradi usiguse. Hata Romanée-Conti kule Vosne, hekta 1.8 tu, shamba pengine lenye sifa kuliko yote duniani, limezungukwa na ukuta usiofika kiunoni, na pembeni pana msalaba wa mawe. Kibao kidogo kinawaomba wageni wabaki njiani. Kila niliyemwona pale alikitii.

Ukipita majira ya baridi utawakuta wakulima wakipogoa. Mizabibu imepandwa kwa kubanana, mashina kama 10,000 kwa hekta, mifupi, haizidi kifua cha mtu, na kila shina lazima lipogolewe kwa mkono. Nilimsimamia mama mmoja mwenye umri wa kati akifanya kazi hiyo kwenye mteremko wa Volnay. Aliinama, akalizunguka shina kwa macho, akakata mara nne au tano kwa mkasi, akaacha tawi moja refu na kijiti kifupi, akasogea. Mbele yake alisukuma toroli lililotengenezwa kwa pipa kuukuu la mafuta lililopasuliwa kwa urefu, moto ukiwaka ndani yake. Kila tawi alilolikata alilitupa humo, likateketea, na majivu yakadondoka shambani kupitia matundu ya chini. Moto ulimpa joto la vidole na kumwondolea takataka kwa wakati mmoja. Nilipomsalimu alinijibu bila kusimama, akanionyesha shina lililofuata na kuniuliza mimi ningekata wapi. Nilinyoosha kidole. Akatikisa kichwa, akanionyesha chipukizi moja dogo upande wa pili, lile litakalobeba zabibu si mwaka huu bali mwaka unaofuata. Yeye alikuwa anapogoa miaka miwili kwa pamoja.

Msomaji wa Dodoma ataelewa kwa haraka kuliko wengine. Kwetu mzabibu hauna majira ya baridi ya kulala, na mkulima wa Hombolo au Mpunguzi huvuna mara mbili kwa mwaka. Hapa ni mara moja tu, na hiyo moja iko hatarini tangu mwanzo. Machipukizi yakishatoka, usiku mmoja wa baridi kali mwezi Aprili unatosha kuyaua yote. Ndiyo maana usiku kama huo wakulima huwasha maelfu ya mishumaa mikubwa katikati ya mistari ili kuipandisha hewa joto kidogo. Aprili 2021 baridi hiyo ilikuja, na sehemu kubwa ya mavuno ikapotea hata kwa waliokesha.

Kuta za mawe unazoziona kila mahali zimejengwa bila saruji wala chokaa, jiwe juu ya jiwe, kwa mawe yaliyotolewa shambani humohumo wakati wa kulima. Mawe yaliyozidi yalirundikwa pembezoni, na baadhi yakajengewa vibanda vidogo vya duara ambamo mkulima alijificha mvua inapomkuta. Mvua kubwa iliposhusha udongo chini, watu waliupandisha tena juu kwa vikapu mgongoni. Ustadi wa kujenga kuta hizo uliingia mwaka 2018 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, Ufaransa ikiwa pamoja na nchi nyingine saba. Zipo kuta zinazobomoka, kwa sababu trekta refu za siku hizi, zile zinazotanua miguu juu ya mstari wa mizabibu, zinahitaji nafasi ya kugeuza, na mafundi wa mawe si wengi. Kila ninapomwona kijana amepiga magoti anautengeneza ukuta kama huo, moyo wangu unafurahi.

Lakini kama una siku moja tu Bourgogne, itumie Beaune, na ndani ya Beaune uingie hospitali.

Jengo hilo huitwa Hôtel-Dieu. Lilianzishwa tarehe 4 Agosti 1443 na Nicolas Rolin, kansela wa Philippe le Bon, mtawala wa Bourgogne wa wakati huo, pamoja na mkewe Guigone de Salins. Nchi ilikuwa imechoka kwa vita, askari wasio na mishahara walizunguka wakipora, na njaa na tauni zilikuwa zimewamaliza watu. Rolin alikuwa tajiri mno, na namna alivyoupata utajiri huo haikumsafisha machoni pa wengi wa zama zake. Alichokifanya nao Beaune kinabaki kuwa kimoja kati ya vitendo vikubwa vya hisani vilivyofanywa Ulaya. Mgonjwa wa kwanza alipokelewa tarehe 1 Januari 1452. Wa mwisho wakahamishiwa hospitali mpya mwaka 1971. Kwa zaidi ya miaka 500 jengo hilohilo lilifanya kazi ileile.

Kutoka mtaani utaona paa la kijivu lisilo na madaha, na huwezi kukisia kilichomo. Ingia uani, utazame juu. Mapaa yamefunikwa kwa vigae vilivyopakwa rangi na kung'arishwa, vyekundu, vya kahawia, vya njano na vya kijani, vimepangwa kwa nakshi za miraba inayopishana kama mkeka wa ukindu uliosukwa na fundi. Ghorofa ya juu ina baraza ya mbao inayozunguka ua, ili wauguzi wapite bila kulowa. Kisima kiko katikati.

Ukumbi wa maskini una urefu wa mita 50 hivi. Dari lake limejengwa kama tumbo la jahazi lililogeuzwa, na boriti zinazopita juu zimechongwa vichwa vya mazimwi mwishoni, kana kwamba mazimwi ndiyo yanayozitapika. Kando zote mbili pana safu ya vitanda vya mbao vyenye mapazia mekundu, kila kitanda na kiti chake. Enzi hizo wagonjwa walilala wawiliwawili, na walipata joto zaidi kwa hivyo. Mwisho wa ukumbi ni kanisa, bila ukuta wa kulitenga, ili anayeumwa asali akiwa kitandani. Watawa wa kike ndio waliouguza. Katika duka lao la dawa mitungi bado imepangwa rafuni na majina yake: macho ya kamba wa mtoni, unga wa vidudu vya ukutani. Jikoni kuna mashine ya mwaka 1698 ya kuzungushia nyama motoni, na kisanamu chake cha mtu mdogo anayeonekana kuuzungusha mkono.

Katika chumba cha pekee chenye mwanga hafifu umewekwa mchoro wa Hukumu ya Mwisho, kazi ya Rogier van der Weyden, ulioagizwa na Rolin mwenyewe kwa ajili ya ukumbi ule. Siku za kazi mbao zake zilifungwa. Jumapili na sikukuu zilifunguliwa, na wagonjwa wakauona wote. Katikati, Malaika Mikaeli ameshika mizani, sura yake tulivu kabisa. Upande mmoja umepanda, upande wa dhambi umeshuka. Hakuna shetani hata mmoja anayewavuta waliopotea. Wanatembea wenyewe kuelekea motoni, wanavutana nywele na kung'atana mikono. Lenzi kubwa imewekwa mbele ya mchoro huo, na kwa hiyo unaweza kuona chozi kwenye shavu na uzi wa dhahabu kwenye joho. Fikiria mtu maskini wa karne ya 15, ana homa, analazwa mbele ya kitu kama hiki. Hakuna mfalme aliyekuwa na bora zaidi mbele ya kitanda chake.

Wasomaji wa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, hawatahitaji kuelezwa sana jinsi hospitali hii ilivyodumu. Ni wakfu. Rolin aliitengea mapato ya kila mwaka kutoka kwenye visima vya chumvi vya Salins, kisha kuanzia 1457 watu wa Beaune wakaanza kuitolea mashamba ya mizabibu: huyu kwa shukrani ya kuponywa, yule kwa wasia. Leo Hospices de Beaune ina hekta 60 hivi, nyingi zikiwa za daraja la premier cru na grand cru. Mvinyo wake huuzwa kwa mnada wa hadhara Jumapili ya tatu ya Novemba, tangu mwaka 1859, na mapato yanaendelea kulihudumia shirika la hospitali na kutunza majengo. Mvinyo huuzwa ungali katika mapipa ya lita 228. Yapo mapipa yanayotengwa kwa ajili ya misaada maalumu, na huuzwa kwa desturi ya zamani ya mshumaa: unawashwa mshumaa mdogo, na madhali unawaka, bei inapanda. Mji mzima siku hiyo uko barabarani. Kwangu mimi hiyo ndiyo heshima kubwa kabisa ya mizabibu ya Bourgogne: shamba alilolitoa mtu aliyekufa karne tano zilizopita bado linalipia tiba ya mtu aliyelazwa leo.

Beaune ina hazina nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni kumbukumbu. Mji uliandika siku ya kuanza mavuno mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2019 watafiti walichapisha orodha hiyo kamili kuanzia 1354. Kwa karne zote hadi 1987, mavuno yalianza kwa wastani tarehe 28 Septemba. Tangu 1988 yametangulia kwa takriban siku 13. Mzee aliyezoea kuvuna ubaridi wa vuli umeshaingia sasa anavuna kwenye joto la mwisho wa kiangazi, na wakulima vijana wanajadili majani mangapi ya kuachwa kuzifunika zabibu zisiungue, na kama vitalu vya juu vya baridi, vilivyodharauliwa na babu zao, ndivyo vitakavyookoa nchi. Pale ambapo wengine hubishana kuhusu hali ya hewa, hapa wanafungua daftari.

Sasa chakula. Nyama ya ng'ombe ya Bourgogne hupikwa polepole katika mvinyo mwekundu pamoja na vitunguu, karoti na uyoga. Mayai hupikwa katika mchuzi wa mvinyo vilevile, na vyakula vingine vina nyama ya nguruwe bila kutajwa kwenye jina, kwa hiyo asiyetumia vitu hivyo aulize kabla ya kuagiza. Huulizwa kwa adabu, hujibiwa kwa adabu. Mimi nilishiba vizuri. Anza na gougères, maandazi madogo ya jibini yanayoletwa ya moto, mepesi ndani, yenye ukoko mwembamba nje. Kula kuku wa Bresse, wa nchi jirani ya kusini mashariki, mwenye manyoya meupe, kilemba chekundu na miguu ya buluu, aliyelelewa akitembea nyasini; jina lake limelindwa kisheria tangu 1957, na mchuzi wake wa malai hauhitaji kiungo kingine. Ng'ombe weupe wa Charolais utawaona njiani wamesimama malishoni kabla hujawaona mezani. Jibini ya abasia ya Cîteaux bado inatengenezwa na watawa wenyewe, ni laini na pole. Ile ya Époisses huoshwa kwa pombe kali ya zabibu ikiwa inaiva, na harufu yake inaingia chumbani kabla ya sahani.

Konokono huletwa motomoto ndani ya makombe yao, wamejazwa siagi, kitunguu saumu na majani ya parsley yaliyokatwakatwa. Najua wapo watakaosita. Aliyekua akila pweza na chaza hatapata tabu.

Beaune pia kuna kiwanda cha haradali cha Fallot, kilichoanzishwa mwaka 1840, ambacho bado husaga mbegu kwa mawe na hupokea wageni. Wanakupa kijiko kidogo cha haradali iliyotoka kusagwa. Ukali wake hauchomi ulimi kama pilipili yetu. Unapanda moja kwa moja puani, macho yanatoka machozi, kisha unatoweka kabisa na kuacha ladha ya njugu. Mbegu nyingi za haradali ya Ufaransa zilikuwa zikitoka Kanada. Ukame ulipoipiga Kanada mwaka 2021, mwaka uliofuata rafu za maduka ya Ufaransa zikawa tupu, na wakulima wa Bourgogne wakahimizwa kupanda zaidi. Siku hizi, mwezi Mei, utaona viraka vya njano uwandani.

Dijon usiipite tu kwa ajili ya treni. Katika ikulu ya watawala wa zamani, ambayo sehemu yake sasa ni makumbusho ya sanaa, kuna makaburi ya Philippe le Hardi na mwanawe Jean sans Peur. Watazame wenye makaburi kwa dakika moja, kisha uchuchumae. Chini ya mabamba, katika vibaraza vya marumaru, vinapita visanamu vya waombolezaji, kila kimoja urefu wa sentimita 40 hivi: huyu amejifunika kofia ya joho hadi uso hauonekani, yule anafuta pua, mwingine anasoma, mwingine amemshika mwenzake bega. Waliochonga sanamu hizi waliwahi kwenda mazikoni. Kanisani Notre-Dame, kwenye ukuta wa nje upande wa kaskazini, kuna bundi mdogo wa mawe ambaye wapita njia humpapasa kwa mkono wa kushoto wakiomba bahati, hadi sura yake imefutika.

Nyuma ya mteremko, magharibi, nchi inapanda na kuwa ya misitu na miamba. Watalii hupungua huko. Kijiji cha Saint-Romain kimekaa chini ya majabali meupe, na La Rochepot ina ngome yenye vigae vya rangi kama vya Beaune. Mbali kidogo, kaskazini, kuna abasia ya Fontenay ya mwaka 1118, ambayo karakana yake ya chuma na kanisa lisilo na pambo lolote vinaonyesha wazi zaidi kuliko kitabu maisha ya watawa wale yalivyokuwa. Ukiweza, ifikie kwa kufuata Mfereji wa Bourgogne, kilomita 242 za maji yaliyochimbwa na watu, ambayo leo hutumiwa na mashua za mapumziko na wapanda baiskeli.

Safari si ngumu kuipanga. Treni ya kasi kutoka Paris, Gare de Lyon, inafika Dijon kwa saa moja na nusu na kidogo, na treni ya mkoa kutoka Dijon hadi Beaune ni dakika 20 hivi. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura atakuwa na wepesi wa lugha ambao wengine hatuna, ingawa hata Kifaransa kidogo cha salamu kinafungua milango mingi. Septemba ndio mwezi wenye uhai zaidi, wavunaji wako shambani kwa mikono na ndoo, lakini wenye nyumba za mvinyo hawatakuwa na muda wa kukuhudumia. Mwisho wa Januari, wikiendi ya sikukuu ya Mtakatifu Vinsenti, mlinzi wa wakulima wa mizabibu, vijiji hupokezana kuandaa maandamano, desturi iliyoanza mwaka 1938. Wanaobeba sanamu zake kwenye baridi ile ni vyama vya kusaidiana vya wakulima, vyenye kanuni kwamba mwenzao akiugua, mizabibu yake itapogolewa na wengine. Nawashauri wanaovumilia baridi waende wakati huo. Na lolote utakalolichagua, Jumamosi asubuhi uwe Beaune: soko linatandazwa kwenye uwanja unaotazamana na hospitali, na watengenezaji wa jibini huuza hadi saa sita mchana, wengine hata kabla ya hapo wakiwa wamemaliza.